Kapu la Krismasi kazini: mnajiona mmethaminiwa, au ni mchele tu?

#1 Kalamu ya Nakawa
Habari za jioni wadau. Jana tumegawiwa kapu la Krismasi ofisini. Ndani: mchele kilo tano, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia lita moja, miche miwili ya sabuni, na kalenda ya ukutani yenye picha ya bosi mkuu akikata utepe. Tulipangwa mistari miwili kwenye maegesho ya magari. Unataja jina, unatia sahihi, unapigwa picha umeshika kapu, unapisha wa nyuma yako. Picha zilikuwa zimeshapanda kwenye ukurasa wa kampuni kabla sijafika Kireka.

Sikatai, mchele tumeupika leo na hauna mawe. Lakini jirani yangu wa meza alisema wangemuuliza mara moja tu mwaka huu anaendeleaje tangu afiwe na mkewe, asingehitaji hata kiberiti chao. Mwingine akamrukia kwamba huko alikotoka yeye hata kiberiti hakikuwepo, kwa hiyo watu waache maringo. Tukabishana mpaka tukazimiwa taa.

Sasa nawauliza nyinyi. Mkipewa hivi vitu mwezi wa 12, mnajiona mmethaminiwa kweli? Au hela hiyo iingie kwenye mshahara tuachane na picha? Na useme unafanya kazi gani, tujue nani anaongea.

#2 Chapati Mbili
Kabla sijatoa maoni: hiyo kalenda utaitundika sebuleni au chooni?

#3 Mzee wa Malaba
Kalamu, pokea ushukuru, kijana. Lakini nikuambie kitu. Nimetoa mizigo forodhani miaka mingi, nimepita kwa mabosi wa kila aina. Aliyebaki kichwani mwangu ni mmoja. Kila tarehe 24 alichinjisha ng'ombe nyuma ya ghala, na nyama alikata yeye mwenyewe, shati limekunjwa mpaka kwenye viwiko. Hakuwa na karatasi ya majina. Anakuangalia, anauliza, "Wale mapacha wanatembea sasa?" halafu anaongeza kipande. Mwenye mama mgonjwa anapewa maini. Inafungwa kwenye jani la mgomba, unaondoka nayo.

Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa majirani, sitaki kumpamba. Na bado watu hawakuhama.

#4 Kaka Jinja
Mzee, hapo umenena. Hata wazungu wameligundua. Kuna utafiti ulifanywa kwenye kiwanda kimoja Ujerumani, wafanyakazi wakapewa chupa ya chai kama zawadi, uzalishaji ukaongezeka mara mbili! Wengine walipewa pesa, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo zawadi inafanya kazi kuliko hela.

#5 Dada Hesabu
Mimi nalipa mishahara, ngoja niseme la upande wetu. Kila mwaka nasikia "wangetupa hela tu". Haya. Tuseme kapu ni la shilingi 100,000 na kampuni imeamua kukupa taslimu kupitia mshahara. Kama mshahara wako hapa Uganda umepita 410,000 kwa mwezi, hiyo laki inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, asilimia 30, yaani 30,000. NSSF yako, ile akiba ya uzeeni, asilimia 5, nyingine 5,000. Unabaki na 65,000 mkononi, na mwajiri ametoa 10,000 nyingine ya NSSF upande wake. Ile 15,000 ya NSSF ni yako, haijapotea, ila Krismasi hii huwezi kuipika.

Ndiyo maana mabosi wanakimbilia mchele. Wala si kwamba wanapenda sana kubeba magunia.

#6 Mwana Kasese
Asilimia 30 au 40? Mimi nilisikia imefika 40.

#7 Dada Hesabu
@Mwana Kasese 40 ni kwa kile kipande cha mshahara kinachozidi milioni 10 kwa mwezi. Ukifika huko nitafute tuwe marafiki.

Na msidhani kapu halina kodi. Kisheria manufaa unayopewa na mwajiri ni mapato ya kazi, yawe hela au sukari. Yanayosamehewa ni yale ambayo jumla yake kwa mwezi haifiki shilingi 10,000. Mchele wa Kalamu peke yake umeshapita hapo. Makampuni mangapi yanaliingiza kapu kwenye hesabu za PAYE, hilo sitalijadili hapa, nina watoto wa kusomesha.

#8 Lindo la Usiku
Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, nimepangiwa kulinda ofisi za watu. Juzi makapu yao yalifika saa mbili usiku kwa lori. Nikasaidia kushusha. Nikayalinda mpaka asubuhi, maana msimamizi wao alisema likipotea moja linakatwa kwangu. Asubuhi wakaja wenyewe, wakaitwa majina, wakapiga picha zao. Mimi ndiye niliyekuwa nawafungulia geti kutoka na makapu.

Hakuna aliyenikosea. Mimi si mfanyakazi wao, kampuni yangu ni nyingine. Na kampuni yangu nayo inasema mimi niko kwa mteja. Kwa hiyo Krismasi nimedondokea katikati.

Mama mmoja wa usafi ndani, naye wa kampuni nyingine vilevile, aliniachia pakiti ya biskuti.

#9 Chapati Mbili
Hii sasa imeniondolea utani.

#10 Nyabo wa Ntinda
Habari zenu. Niko HR, idara ya wafanyakazi, najua mtanishambulia, karibuni.

Kuhusu picha na sahihi, @Kalamu. Mnadhani tunataka sifa. Sifa zipo kidogo, sikatai, idara ya masoko wanazipenda. Lakini sababu ya kwanza ni mkaguzi wa hesabu. Bidhaa za mamilioni zimenunuliwa Novemba, ziligawiwa kwa nani? Bila sahihi na picha, Machi mimi ndiye ninayeulizwa mafuta yalikwenda wapi. Na yalishawahi kwenda, mahali nilipofanya kazi zamani: makapu yalinunuliwa, orodha ikawa na majina ya watu walioacha kazi tangu Februari.

Kuhusu kuuliza kila mtu anataka nini: tuliuliza. Wengine walitaka kuku, wengine vocha ya supamaketi, wengine hela, wengine siku za mapumziko, mmoja akaandika "amani". Ukiwa na watu mia tatu unanunua mchele.

#11 Mzee wa Malaba
Yule wa "amani" mngempa likizo.

#12 Msomi wa Wandegeya
Turudi kwa Kaka Jinja #4, kwa sababu nimeusoma huo utafiti na habari haiko hivyo.

Haikuwa kiwanda, ilikuwa maktaba. Na hawakuwa wafanyakazi wa kudumu, walikuwa wanafunzi walioitwa kuingiza orodha ya vitabu kwenye kompyuta kwa saa tatu tu, kwa Yuro 12 kwa saa. Kundi moja likaongezewa Yuro 7 taslimu bila kutarajia, jingine likapewa chupa ya chai ya thamani hiyohiyo. Waliopewa chupa walifanya kazi zaidi kwa karibu asilimia 25. Waliopewa hela waliongeza kama 5, ambayo kitakwimu ni sawa na hakuna. Matokeo yalichapishwa 2012, waandishi ni Kube, Maréchal na Puppe.

Sehemu mnayoisahau wote mnaoipenda hiyo habari ni hii: walipowapa watu nafasi ya kuchagua chupa au hela, wengi mno walichagua hela. Na wakafanya kazi kwa bidii ileile kama wa chupa! Halafu wakajaribu tena hela, safari hii noti imekunjwa umbo la shati na sarafu imechorwa uso unaocheka. Bidii ikapanda kwa karibu asilimia 30. Hela ileile, Yuro 7.

Maana yake kilichowasukuma si chupa wala hela. Ni kuona kuna mtu aliyekaa akajisumbua kwa ajili yao.

#13 Lindo la Usiku
Saa tatu? Mimi zamu yangu ni saa kumi na mbili. Waje wanikunjie noti umbo la shati waone kama saa tisa ya usiku nitakuwa bado nacheka.

#14 Msomi wa Wandegeya
@Lindo umegusa hasa pale wenzao walipokuwa wameshagusa. Wachumi Gneezy na List walishaonyesha mwaka 2006 kwamba bidii ya mtu aliyeongezewa malipo bila kutarajia inapanda mwanzoni halafu ndani ya saa chache inashuka inarudi ilipokuwa. Kwa hiyo kama Kalamu kapewa mchele jana, leo kampuni imeshautumia.

#15 Kaka Jinja
Kiwanda au maktaba, hoja yangu imesimama: zawadi inashinda hela.

#16 Msomi wa Wandegeya
Haijasimama, Kaka. Imekaa na inachechemea.

#17 Mwana Kasese
Nyinyi mnapiga siasa za chupa. Bonasi ya Krismasi ni haki yetu kisheria! Ipo kwenye sheria ya ajira, mwajiri asipotoa unamshitaki. Shida ya Waganda hatusomi sheria.

#18 Nyabo wa Ntinda
@Mwana Kasese haipo. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa likizo yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, ambayo kwa mwaka ni 21. Inakupa sikukuu za kitaifa kwa malipo. Bonasi ya Krismasi haimo. Utaidai tu kama imeandikwa kwenye mkataba wako, au chama cha wafanyakazi kimekubaliana na mwajiri.

Unachokifikiria ni nchi kama Ufilipino, ambako mshahara wa kumi na tatu ni sheria tangu 1975. Hapa kwetu ni hiari ya bosi.

#19 Mwana Kasese
Basi ndiyo hapo penye ugonjwa wenyewe. Nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kwenye vitabu bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, Bunge likapitisha muswada wa kukibadilisha 2019, rais akakataa kutia sahihi, halafu tunakaa tunajadili kama mchele unatufurahisha. Mchele unakufurahisha kwa sababu una njaa. Mlipe mtu vizuri uone kama atapanga mstari kwenye maegesho.

#20 Dada Hesabu
@Mwana Kasese wapo wanaolipwa vizuri na wanapanga mstari wakiwa na funguo za gari mkononi. Nimewaona. Hawatumi hata dereva, wanakuja wenyewe.

#21 Dereva wa Trela
Salaam kutoka barabarani, niko Mbarara natafuta kivuli. Nimesoma yote na naona mmesahau mtu mmoja: aliyeko nyumbani.

Mshahara wangu mke wangu hauoni. Unaingia kwenye simu, unatoka kwenye simu: karo, kodi ya nyumba, deni la duka. Kapu analiona. Analifungua yeye, watoto wamemzunguka, anapanga kitu kimoja kimoja mezani. Mwaka ule tulipewa unga, mafuta na kitenge. Kile kitenge alikishona akakivaa kanisani, akawa anaambia watu "hiki kilitoka kazini kwake". Mimi kazi yangu ni kulala chini ya gari mpakani Mutukula, nani anaijua? Siku ile ilijulikana.

Kwa hiyo mimi nikipewa laki kwenye simu ni laki. Nikipewa kapu la elfu themanini, kwangu lina uzito kuliko laki. Msomi aweke hiyo kwenye utafiti wake.

#22 Mzee wa Malaba
Huyu ndiye aliyejibu swali.

#23 Mwalimu wa Arua
Dereva, hongera kwa mke. Huku kwetu kapu lina habari nyingine.

Nafundisha shule ya binafsi. Mwaka fulani mshahara wa Novemba haukuja. Mkurugenzi akatuita ukumbini tarehe 18 Desemba, akatoa hotuba kuhusu familia moja na upendo, kisha tukapewa kila mtu mchele, mche wa sabuni na kadi yenye jina. Jina limeandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri kabisa. Halafu wa Desemba nao haukuja. Tulilipwa nusu mwezi wa pili wazazi walipoleta karo.

Sasa Msomi anasema kinachogusa ni mtu kujisumbua kwa ajili yako. Yule mama alijisumbua. Aliandika majina arobaini kwa mkono. Na mimi ile kadi nikiikumbuka bado damu inachemka.

#24 Nyabo wa Ntinda
@Mwalimu pole sana. Na kwa wengine wanaosoma: mshahara unatakiwa ulipwe kwa fedha halali. Mchele hauwezi kuwa mshahara, hata uwe na kadi. Ofisi ya kazi ya wilaya ndipo malalamiko ya namna hiyo yanapoanzia.

#25 Mwalimu wa Arua
Asante nyabo. Wilayani tulifikiria kwenda. Mkurugenzi ni shangazi wa mtu fulani wa pale. Tuliishia kwenye chai.

#26 Hajjati wa Mbale
Assalaam aleikum. Niko kwenye kampuni ya bima, dawati la wateja.

Sisi Waislamu tunapewa kapu la Krismasi kama wengine wote na hatulalamiki, sukari haina dini. Lakini mwaka juzi waliboresha kapu, wakatia chupa ya mvinyo. Nikaenda kwa msimamizi kwa adabu, nikamwambia mimi hii sinywi, naomba mnibadilishie hata kwa majani ya chai. Akacheka akasema "mpe jirani". Kwa hiyo kampuni ilimpa zawadi jirani yangu.

Idi inakuja, Idi inapita, hakuna hata ujumbe. Sikukuu yenyewe mwezi unaandama usiku, unatuma ujumbe saa nne kuuliza kama kesho kuna kazi, unajibiwa "tusubiri tangazo". Halafu mwaka huu msichana mmoja wa idara ya madai, Mkristo, aliniletea tende siku ya Ramadhani. Zimefungwa kwenye karatasi ya ofisi, ile ya kuchapishia. Nikiulizwa nani kazini ananithamini nitamtaja huyo msichana. Kampuni nitaitaja baadaye.

#27 Kaka Jinja
Hajjati, huo mvinyo jirani aliumaliza?

#28 Hajjati wa Mbale
Aliuuliza tena mwaka uliofuata!

#29 Bosi Mdogo
Wacha na mimi wa upande wa pili nipigwe mawe. Nina karakana Katwe, tunachomelea mageti na madirisha. Vijana wangu hawafiki kumi.

Mwanzo nilikuwa natoa bahasha. Elfu hamsini kila mmoja, tarehe 23. Wanapokea, "asante bosi", wanaondoka. Januari mtu anakuja kuomba mkopo kama vile hatujawahi kuonana. Mwaka mmoja hela ikawa ngumu, nikanunua mbuzi mmoja tu, tukamchoma palepale karakana na matoke, soda, kila mtu akaongezewa nauli ya kwenda kijijini. Kwa hesabu nilitumia pungufu ya bahasha. Na mpaka leo wanaisimulia hiyo mbuzi! Nani alikula ulimi, nani alilala kwenye benchi, yule fundi rangi aliyehutubia akalia.

Nikasema basi nimepata dawa. Kila mwaka mbuzi. Ukaja mwaka wa kufungiwa kwa korona, kazi hakuna, mbuzi hakuna. Nilieleza wazi. Jamani, niliangaliwa kana kwamba nimeiba mali ya mtu. Mmoja aliniambia usoni: "Bosi, umetutoa sikukuu."

Sasa niambieni, hiyo ni shukrani au ni deni nililojiwekea mwenyewe?

#30 Mwana Kasese
Ni mshahara uliouficha ndani ya mbuzi.

#31 Mzee wa Malaba
Si mshahara. Kijana angelia kwa mshahara? Ulikuwa umewazoesha kukaa nao chini mara moja kwa mwaka. Ndicho walichonyimwa. Nyama Katwe inauzwa kila kona.

#32 Dada Hesabu
Mimi nakubaliana na Mwana Kasese zaidi. Kitu kikija kila mwaka tarehe ileile mtu anakipangia bajeti. Nawaona mwezi wa 11 wanakopa kwenye chama cha akiba wakihesabu kapu ambalo halijatangazwa. Halafu mshahara wa Desemba unalipwa mapema, tarehe 20 au 22, watu wanaona ni ukarimu, na Januari nzima wanashinda na kikokotoo. Shule zinafunguliwa mwezi wa pili na karo haingoji.

Mkiniuliza mimi, zawadi bora ingekuwa mshahara wa Desemba kulipwa tarehe yake. Lakini hakuna bosi atakayepigiwa makofi kwa hilo.

#33 Kalamu ya Nakawa
Wadau asanteni, uzi umekuwa mrefu kuliko foleni ya Jinja Road. Nina habari mpya.

Leo mchana tulikuwa tunamsaidia meneja wa mauzo kupakia gari lake. Ukafunguliwa mlango wa nyuma, na ndani kuna kapu. Si kama letu. Kapu la ukili lenye utepe, mvinyo, chokoleti, kuku wa kugandishwa wawili na blanketi. Tulikuwa watatu. Hakuna aliyesema neno. Meneja akafunika na koti lake, akasema "hizi za wateja". Lakini kadi ilikuwa juu na jina ni lake.

Mchele wangu umegeuka ladha. Na ni mchele uleule wa jana!

#34 Chapati Mbili
Umeshamaliza kuula, utageukaje ladha?

#35 Kalamu ya Nakawa
Umegeukia tumboni.

#36 Nyabo wa Ntinda
Hili ndilo huwa napigania kwenye vikao kila mwaka na kushindwa. Toeni makubwa, toeni madogo, lakini yafanane. Ukiwa na madaraja matatu ya makapu, wewe hujagawa zawadi, umebandika ukutani orodha ya nani ni nani. Wakubwa wanajibu kwamba meneja akipewa mchele kilo tano atajiona ametukanwa. Nikawauliza, na mfagizi?

Walinyamaza, tukaenda kwenye ajenda ya pili.

#37 Kaka Jinja
Mimi sioni shida, hata nyumbani baba anapewa kipande kikubwa.

#38 Hajjati wa Mbale
Baba halipwi na kampuni kukaa mezani.

#39 Dereva wa Trela
Tukiwa kwenye kuku: hawa wanaogawa kuku hai wanafikiria nini? Kampuni moja niliyowabebea mzigo Namanve walileta kuku kwenye matenga, tarehe 22, wagawiwe. Tenga likapasuka. Nilimwona mhasibu mwenye tai akimfukuza jogoo chini ya trela langu. Akampata, akamshika miguu, akaendelea kuongea na simu yake kwa Kiingereza kana kwamba hakuna kitu.

Halafu wale wa kwenda kijijini wakawabeba kwenye basi.

#40 Mwana Kasese
Basi la kwenda kwetu wiki ya Krismasi nauli imeshapanda mara mbili, kuku naye analipiwa. Nilikaa na mmoja chini ya kiti kutoka Kampala. Fort Portal akataga.

#41 Chapati Mbili
Yai la nani? La mwenye kuku au la mwenye kiti?

#42 Mwana Kasese
Tuligombana mpaka Hima. Kondakta akalichukua.

#43 Lindo la Usiku
Nimerudi, nilikuwa zamu. Nyabo wa Ntinda, nikuulize wewe unayejua sheria. Tarehe 25 na 26 niko kazini, zote mbili. Hapo kuna kitu changu au hakuna?

#44 Nyabo wa Ntinda
@Lindo kipo. Zote mbili ni sikukuu za kitaifa. Saa za ziada zikifanyika siku ya sikukuu zinalipwa mara mbili ya kiwango cha kawaida, na siku za kawaida ni mara moja na nusu. Saa za ziada ni zile zinazopita 48 kwa wiki, na wewe wa saa kumi na mbili kwa zamu umeshazipita mapema. Andika saa zako kwenye daftari lako mwenyewe, usitegemee kitabu cha getini peke yake.

#45 Lindo la Usiku
Daftari ninalo. Mara mbili sijawahi kuiona.

Basi na mimi nijibu swali la Kalamu. Sitaki kapu. Wanilipe hizo siku mbili kama zilivyoandikwa.

#46 Dereva wa Trela
Ungepewa vyote viwili ungekataa kapu?

#47 Lindo la Usiku
Nina watoto wanne, nitakataaje.

#48 Bosi Mdogo
Dada Hesabu, umenitisha na ile habari ya 10,000. Mwaka huu kazi zimerudi, nataka mbuzi wawili. URA, watu wa kodi, wanaihesabu nyama kwa nani? Nimkate kila kijana PAYE ya mbavu?

#49 Dada Hesabu
Hahaha, hapana ssebo. Chakula kinacholiwa mahali pa kazi kwako, ikiwa ni kwa wafanyakazi wako wote wa muda kamili na kwa masharti yaleyale, hakihesabiki kama mapato yao. Kwa hiyo mle hapohapo. Ukianza kumfungia mmoja paja lizima aende nalo nyumbani ndipo unaniletea kazi.

#50 Mzee wa Malaba
Basi bosi wangu wa ng'ombe alikuwa anadaiwa kila mwaka.

#51 Msomi wa Wandegeya
Kumbe sheria ya kodi nayo inapendelea mbuzi wa Katwe kuliko kapu la Nakawa. Hili sikulitegemea.

#52 Kaka Jinja
Na zawadi inashinda hela. Nilisema #4.

#53 Dada Hesabu
Kaka, kalale.

#54 Lindo la Usiku
Wafanyakazi "wako wote". Mlinzi wa kampuni nyingine aliyesimama getini kwako anahesabika?

#55 Dada Hesabu
Kwenye vitabu hapana, huyo ni wa mwajiri wake. Akila, ni mgeni.

#56 Bosi Mdogo
Mimi sina mlinzi, nina mbwa, na naye anakula mifupa. @Lindo kama uko jirani na Katwe tarehe 23, tunaanza saa nane mchana.

#57 Lindo la Usiku
Zamu inaanza saa kumi na mbili. Saa tisa na nusu nitakuwa hapo.

#58 Chapati Mbili
Na supu inatoka saa ngapi?